Gemu ya Ndinda na Mama Yangu

Harufu ya mafuta ya taa ndiyo hunirudisha kule. Nasema ile ya duka dogo, ambamo mafuta hupimwa kwa kikombe cha bati na kumiminwa kwenye chupa ya mteja, na matone yanayomwagika yanalowea sakafuni mwaka baada ya mwaka, yakichanganyika na sabuni ya mche, kamba za katani na dawa ya kupe. Duka la mama yangu lilikuwa katika mji mdogo wa Sultan Hamud, ng'ambo ya barabara kutoka reli ya zamani, mahali ambapo malori ya Mombasa yalipunguza mwendo, yakatikisa vikombe kwenye rafu zetu, kisha yakaendelea na safari. Tuliishi chumba cha nyuma. Nguo zetu zilinuka duka, vitabu vyangu vya shule vilinuka duka, na mwalimu wetu mmoja aliwahi kuniambia mbele ya darasa kwamba angeweza kunitambua hata macho yake yakiwa yamefungwa. Watoto walicheka. Mimi sikuona haya, kwa sababu hiyo ilikuwa harufu ya mama.

Mama hakuwa mtu wa kukaa. Aliuza akiwa amesimama, alikula akiwa amesimama, hata Biblia aliisoma akiegemea mlango, jicho moja kwenye mstari na jingine barabarani. Lakini saa tisa alasiri, jua lilipokuwa limewafukuza watu wote njiani na hata mbwa wakawa wamelala chini ya malori, alivuta kiti chake cha plastiki nyuma ya kaunta, akavua viatu, akakaa. Pembeni ya kiti hicho palikuwa na kreti ya soda niliyoigeuza juu chini. Nilikuwa mtoto wa pekee, na kreti ile ilikuwa yangu. Hatukuwa na jambo kubwa la kufanya. Mara alinifumua nywele na kuzisuka upya, mara alinisimulia juu ya ng'ombe mkaidi waliyekuwa naye kwao Matinyani, mara alisinzia tu huku mkono wake umetulia begani mwangu. Hiyo ndiyo saa niliyoingojea tangu asubuhi, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine angeweza kuitaka.

Halafu akaja Ndinda. Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa darasa la tano, msimu ule ambapo upepo huokota vumbi la barabara na kulitia kwenye sukari. Ndinda ni binamu yangu, mtoto wa Kanini, mdogo wake mama. Tulikuwa wa umri mmoja, ila tulikuwa tumekutana mara chache tu kwenye mazishi na harusi. Yeye na mama yake waliishi peke yao Matinyani, ng'ambo huko Kitui, wakilima na kuuza mboga. Mwaka huo mama mdogo Kanini alianza kuishiwa na pumzi hata akivuka uwanja, na madaktari wakasema moyo wake una kasoro inayohitaji kupasuliwa. Baba yangu alikuwa dereva wa kampuni moja Nairobi na alikuja nyumbani wikendi. Safari hiyo alipita Matinyani kwanza, akampeleka mama mdogo hospitalini Nairobi, kisha akamleta Ndinda kwetu. Nakumbuka aliposhuka garini. Alikuwa amevaa sweta ya shule ya rangi ya zambarau ingawa jua lilikuwa linachoma, na mkononi alishika soksi iliyotuna.

"Mwikali, huyu ni dada yako," mama aliniambia. "Mkaribishe."

Nikamkaribisha. Nikamwonyesha kitanda, choo, na mahali tunapoficha biskuti zilizovunjika. Hakusema neno. Usiku ule hakula. Kesho yake alikunywa chai kidogo, akaacha mkate. Mama alipika ndengu, akapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwa maharagwe, akapika hata chapati ambazo mimi nilizipata siku ya Krismasi tu, na Ndinda akazitazama kwa adabu kama mtu anayetazama picha ukutani. Mimi nilikula sehemu yangu na yake. Nilifikiri huyu mgeni si mbaya, akiendelea hivi nitanenepa.

Ndani ya soksi mlikuwa na mashine ya gemu, moja ya zile za kushika mkononi, ya buluu, yenye kioo kilichokwaruzika na kifuniko cha betri kilichoshikiliwa na plasta. Mama mdogo Kanini aliinunua kwa mwanamke mmoja wa mitumba katika soko la Kabati, ikiwa na kadi moja ya gemu iliyokwama ndani isiweze kutoka. Habari ya mashine ilienea haraka. Watoto wa majirani walimiminika dukani, maana katika chumba cha gemu karibu na stendi palikuwa na mpira na mbio za magari, lakini hapo ulilipa na kusukumwa na wakubwa. Walimzunguka Ndinda, wakachungulia kioo. Waliona watu wadogo wamesimama juu ya nchi iliyochorwa miraba kama ukurasa wa kitabu cha hesabu. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga mpira. Ndinda alibonyeza, mtu mmoja akasogea miraba mitatu, akasimama. Akabonyeza tena, mwingine akasogea. Kisha wote wakangoja maadui nao wasogee.

"Hii ni gemu ama ni mtihani?" mtoto wa kinyozi aliuliza, wakacheka wote, wakaondoka na hawakurudi.

Mimi nilibaki, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Na kwa kweli niliiona nzuri. Ilikuwa hadithi ya kikosi cha watu waliofukuzwa kwao, wanaovuka nchi kavu, vilima na mito, kutafuta njia ya kurudi. Kila askari alikuwa na kazi yake: mpiga upinde, mwenye mkuki, mpanda farasi, na mganga aliyevaa nguo nyeupe ambaye hakubeba silaha yoyote. Aliyesimama juu ya kilima alimshinda aliye bondeni. Aliyevuka mto alichelewa. Na jambo ambalo sikuliona katika gemu nyingine yoyote ni kwamba askari akianguka vitani, ameanguka. Jina lake linatoka, na vita vinavyofuata unavipigana bila yeye. Njia ya kumwokoa ilikuwa moja tu, kuzima mashine kabla vita havijaisha, ukapoteza kila ulichofanya na kuanza vita vile upya. Ndinda alizima kila mara. Akijeruhiwa mtu hadi kuanguka, hata yule asiye na maana, alizima na kuanza tena, mchana kutwa, uso wake haubadiliki. Nilimwomba anijaribishe. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea.

Sijui ilikuwa siku ya ngapi. Saa tisa ilifika, mama akavuta kiti chake, akavua viatu. Nilikuwa natoka kumwaga maji nyuma ya nyumba. Niliporudi nilimkuta Ndinda ameketi juu ya kreti. Juu ya kreti yangu. Na mama alikuwa ameinama hadi shavu lake linakaribia kugusa lile la Ndinda, akitazama kioo.

"Na huyu mwenye nguo nyeupe ni nani?" mama aliuliza.

"Ni Kanini," Ndinda akasema. Ndilo neno la kwanza nililomsikia akilitamka tangu afike.

Mama akauliza, "Anafanya kazi gani?"

"Anaponya wengine."

"Na yeye akiumia, anaponywa na nani?"

Ndinda alifikiri. "Hakuna. Ndiyo maana simpeleki mbele."

Mama akachukua kipande cha chapati, akakikunja, akampa bila kumtazama, na Ndinda akakila bila kujua anakula. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Tangu siku ile, saa tisa ilikuwa ya gemu. Mama aliuliza huyu ni nani na yule anatafuta nini, alishauri vibaya, aliguna, alipiga paja lake adui alipoanguka, na katikati ya hayo alipitisha viazi, ndizi, uji, mayai. Ndinda akaanza kunenepa mashavu. Akaanza kuzungumza, Kikamba laini cha Kitui chenye mdundo wa mama yangu mwenyewe, mdundo ambao mimi niliyezaliwa mji wa barabarani sikuwa nao. Walielewana kwa nusu ya neno. Walikumbuka vilima vilevile na visima vilevile. Mimi nilisimama kando ya gunia la chumvi nikiwa na kisoda, kifuniko cha chupa ya soda, mkononi.

Siwezi kueleza wivu ule kwa adabu. Ulinishika tumboni kama mtu aliyekula embe bichi kabla ya chai. Nilijaribu kila njia. Nilileta karatasi yangu ya hesabu iliyojaa alama za vema, mama akasema, "Vizuri sana, mama, iweke hapo." Nilichora ubao wa drafti kwenye boksi la sabuni, nikapanga visoda, vyeupe huku na vyekundu kule, nikamwambia nimemwekea nafasi, akasema baadaye, na baadaye haikufika. Nilijikwaa makusudi nikalia. Alipuliza goti langu, akalipaka mafuta, akarudi kwenye kiti. Usiku nililala kitanda kimoja na Ndinda nikisikia pumzi zake, na nilimchukia kwa bidii kama mtu anayejifunza somo. Nilichukia sweta yake. Nilichukia jinsi alivyosema asante. Nilijua mama yake ni mgonjwa, niliambiwa kila siku, na hata katika maombi ya jioni nilimtaja mama mdogo Kanini kwa sauti kubwa kuliko wote, nikiomba apone haraka sana ili mtoto wake arudi kwao.

Huku nikichukia, nilijifunza. Nilisimama nyuma yao siku nzima nikijifanya kupanga viberiti, na nikaijua gemu ile kuliko wao. Nilijua ni mto gani unavukika. Nilijua maadui wa mkuki hawapandi kilima chenye mawe. Na nilijua majina. Ndinda alikuwa amewapa askari wake wote majina ya watu wake: Kanini aliyeponya, bibi yetu aliyepiga upinde, mwalimu wake wa Matinyani, jirani mwenye punda. Wiki ile alipata askari mpya, mwanamke mrefu mwenye mkuki na ngao. Niliona akimwandikia jina herufi moja moja. Aliandika Mwaitu, neno letu la Kikamba la kumwita mama. Mama yangu akalisoma, akacheka, akamkumbatia. Nilipekua kikosi chote kwa macho, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hapakuwa na Mwikali.

Siku ya kupasuliwa kwa mama mdogo ikafika. Baba alipiga simu asubuhi kutoka hospitalini akasema wameshamwingiza. Mama alifungua duka kama kawaida kwa sababu hakujua afanye nini kingine, lakini alimpa mtu sukari badala ya chumvi, na mtu mwingine alirudi kulalamika kwamba mafuta yake yamejaa nusu tu. Simu iliwekwa juu ya mizani ili isikike. Saa tisa ilipofika hakukuwa na habari. Akakaa. Ndinda akakaa kwenye kreti, akaitoa mashine.

"Leo sizimi," Ndinda akasema. "Nikishinda vita hivi bila kuzima, Mama atapona."

"Mwanangu, Mungu hachezi gemu," mama akamwambia kwa upole.

"Najua. Lakini sizimi."

Mama akasogeza kiti karibu. Mimi nikaacha viberiti, nikaja nikasimama nyuma yao wazi, na hakuna aliyenifukuza. Vita vilikuwa kwenye kivuko cha mto, maadui wengi kuliko siku zote. Mwalimu aliumia, Kanini akamponya. Jirani mwenye punda akaokoka kwa bahati. Kisha wapanda farasi wawili wa adui wakazunguka kutoka nyuma ya kilima, upande ambao Ndinda hakuulinda, na nguo nyeupe ya Kanini ikabaki peke yake kwenye mchanga, hana silaha, hana kilima, miraba michache tu kati yake na wao. Kidole cha Ndinda kiliganda juu ya kitufe.

"Yule mwenye mkuki anafika pale?" mama aliuliza. "Yule mimi?"

"Anafika. Lakini wakimpiga wawili, ataanguka."

"Basi niweke," mama akasema. "Niweke mimi mbele yake."

"Hapana!" Ni mimi niliyepiga kelele. Wote wawili waligeuka. Sikuwa nimepanga kusema, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. "Usimweke! Huyo ni mama yangu! Mweke mwingine! Weka bibi!"

"Bibi yuko mbali," Ndinda akasema, sauti yake nyembamba. "Hakuna mwingine anayefika."

"Mwikali, ni mchezo," mama akasema. "Weka, Ndinda."

Ndinda akaweka. Yule mwanamke mrefu akatembea hadi kwenye mchanga, akasimama mbele ya nguo nyeupe, akainua ngao. Wapanda farasi wakaja. Wa kwanza akampiga. Wa pili akampiga. Akapiga goti, akafifia, na mraba wake ukabaki mtupu. Kanini alikuwa mzima, na bibi akawa sasa amefika mahali pa kurusha mishale. Mtu yeyote aliyeijua gemu ile angeona kwamba vita vimekwisha, ni hatua chache tu.

"Ai, nimekufa," mama akasema, akijaribu kutuchekesha. "Sasa nani atapika leo?"

Nilikimbilia stoo. Nilijibanza kati ya magunia, nikalia hadi pua ikaziba na sikuweza kunusa chochote. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mama yuko pale nje akivaa viatu vyake. Hilo halikunisaidia. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mama akichagua, na hakunichagua mimi. Alikuwa tayari kuondoka ili mtu mwingine abaki na mama yake. Nilimngoja aje. Nilizisikia nyayo, nikafuta uso haraka ili anione nikijikaza, mlango ukafunguka, kumbe ni Ndinda.

Alisimama pale na soksi yake. Mashine ilikuwa tayari imerudi ndani.

"Nimezima," akasema. "Kabla ya kushinda. Mama yako yuko."

Hakukaa kuona nitajibu nini. Aligeuka akarudi dukani, akaketi chini kando ya mizani, akakumbatia magoti na kuitazama simu. Alikaa hivyo hadi jua likageuka rangi. Mama alikaa chini sakafuni pamoja naye, kwenye mafuta na vumbi, na baada ya kitambo nami nikatoka nikakaa upande wa pili wa mama. Simu ilipolia sote watatu tuliruka. Baba alisema mama mdogo ametoka chumba cha upasuaji, amefumbua macho, ameuliza kama Ndinda anakula.

Ningependa kusema tangu hapo tulikuwa marafiki. Tuliishi kwa amani, basi. Nilimwachia kreti bila kununa, naye siku moja alinipa mashine mkononi, nikacheza vita vizima vya kivukoni nikavishinda, na mama akanisifu. Lakini hata sifa ile niliipima. Niliona ni fupi kuliko zile alizompa yeye. Shule zilipokaribia kufunguliwa baba akaja kumchukua, na mama alisimama barabarani akipunga mkono hata baada ya gari kupotea nyuma ya malori. Siku iliyofuata, saa tisa, niliwahi kwenye kreti. Nilikuwa nimepanga visoda. Mama akavuta kiti, akavua viatu, akakaa, na mikono yake ikatulia mapajani ikiwa wazi kama inayongoja kupewa kitu. Tulicheza drafti mara mbili. Alipiga mwayo. Kisha akasema ameona rafu ya juu ina vumbi, akasimama. Mwaka ule na miaka iliyofuata, wanawake wa soko la Sultan Hamud walimjua mama yangu kama mtu asiyekaa kabisa.

Mwaka huu nimeitafuta gemu ile. Sina sababu ya maana. Kazi yangu Nairobi ilikwisha mwezi wa pili, mume wangu tuliachana kabla ya hapo, na mtu mwenye mchana mtupu hutafuta vitu. Watu huzungumzia gemu za zamani kwenye mitandao kama wazee wanavyozungumzia wachezaji mpira wa enzi zao, lakini hii haikutajwa. Nilichopata ni maelezo machache ya watu wa nchi za mbali, wakisema ilitoka mashine zile zikiwa zimeshapitwa na wakati, dunia nzima ikiwa inakodolea macho mashine mpya, kwa hiyo ikapita bila kuonekana. Fundi mmoja wa simu katikati ya jiji alinitafutia mashine kuukuu na kadi yake. Nimeicheza sasa kwa macho ya mtu mzima na naona kasoro zake. Inajikokota. Maneno ni mengi mahali ambapo hayahitajiki, na vita vya katikati vinafanana mno. Aliyeitengeneza hakuwa na huruma na mchezaji anayeanza. Lakini ile kanuni yake, kwamba aliyeanguka harudi, bado inanishika, na nikifika kwenye kivuko cha mto huangalia kwanza nyuma ya kilima kabla ya kubonyeza. Nimewapa askari wangu majina. Mwenye mkuki sikumpa jina la mtu yeyote.

Nilimpigia Ndinda kumwambia. Ni mwalimu mjini Wote, ana watoto watatu, na mama yake Kanini yu hai na bado anauza mboga, siku hizi kwenye kibanda chake mwenyewe Kabati. Ndinda alicheka sana. Akasema mashine yake iliharibika zamani, paa lilivuja juu yake. Nikamuuliza kama aliisikitikia.

"Hapana, dada," akasema. "Mimi hata sikuwa naipenda sana gemu yenyewe. Nilimpenda mama yako akiitazama."

Nilikata simu nikiwa na uchungu uleule, mbichi kabisa, wa embe kabla ya chai. Nina nywele nyeupe kichwani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Sultan Hamud na mashine kwenye mkoba. Duka sasa linauza kadi za simu na maji ya chupa, linaendeshwa na kijana wa kuajiriwa, na mama anakaa kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka, amevimba miguu, kiti kimekuwa makao yake. Nilimwekea mashine mkononi. Aliigeuza, akavaa miwani.

"Hii ni ile ya Ndinda?"

"Ni kama ile."

"Niliichukia hii," mama akasema. "Iliniumiza macho. Kila siku nilikuwa nasema, Mungu wangu, saa yangu moja ya kupumzika."

Nilishangaa. "Sasa mbona uliitazama?"

"Mtoto hakuwa anakula, Mwikali. Angekufa mikononi mwangu, ningemwambia nini Kanini? Wewe ulikuwa unakula. Ulikuwa unakula sahani yako na yake." Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akanitazama muda mrefu kuliko nilivyozoea kutazamwa naye. "Lakini sasa umekonda," akasema. "Leta kiti. Nani ni nani hapa?"

Nikaleta kiti. Nikamwonyesha mpiga upinde, mwenye farasi, mwenye nguo nyeupe. Alishauri vibaya, kama zamani. Tulikuwa katikati ya vita simu yake ilipolia mezani, na jina la Ndinda likatokea, kwa maana humpigia mama kila Jumamosi na huzungumza hadi sikio likapata moto.

"Mwambie nitampigia," mama akasema bila kuinua macho. "Mwambie niko na kazi."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa furaha ambayo mtu wa umri wangu angepaswa kuionea haya, na Ndinda, anayenijua, akacheka akasema sawa, dada, kaa naye. Tukaendelea. Mama aliuliza jina la mpiga upinde mara ya pili, kisha mara ya tatu. Vidole vyake vilitetemeka juu ya vitufe, ikabidi mimi nibonyeze na yeye aelekeze. Kabla vita havijaisha alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, na nilibaki nimeshika mashine bila kujua kama nizime. Ndinda alimpata mama yangu akiwa na nguvu, mwenye sauti ya kupiga paja na kucheka, mama wa kujitupa mbele ya farasi. Mimi nimempata akiwa amechoka, kwa nusu saa, kiti kwa kiti, na hakuna anayetuingilia. Nimefurahi. Lakini ningeambiwa nichague, ningechukua yule wa Ndinda.